Mbwa Mwitu Weupe Katika Banda la Busale

Kosa langu la mapema, lile ambalo hadi leo likinijia najiuma ndani ya shavu, ni kwamba nilimpa mbwa mwitu cheo cha adui. Sikumpa kwa chuki. Nilimpa kwa sababu filamu ilikuwa inakwenda, banda limejaa, mvua inapiga bati, na mimi sikuwa nimesikia yule Mzungu anayesimulia kwenye filamu alichosema.

Nina miaka thelathini na tatu na tayari ni mstaafu. Msicheke. Kazi yangu ilikuwa kutafsiri filamu kwa mdomo katika banda la video pale Busale, Kyela, nikiwa nimekaa kwenye kigoda kando ya televisheni na kipaza sauti mkononi, na kazi hiyo imekufa mimi nikiwa bado nina meno yote. Banda sasa ni ghala la kakao. Ninawaandikia nyinyi mnaotafsiri kwa simu, mkiwa mmelala chali, mnaorekodi, mnafuta, mnarekodi tena. Kila wiki mmoja wenu ananitumia kipande cha filamu ya wanyama na kuniuliza, "Kaka Lusajo, hapa niweke nini?"

Niweke nini. Hilo ndilo swali linalonipandisha presha. Hakuna aliyekutuma kuweka. Umetumwa kusema kilichopo.

Lakini najua mmelitoa wapi. Mmelitoa kwetu, na sisi tulilitoa kwa Gwakisa.

Gwakisa ndiye aliyekuwa mwenye banda na ndiye aliyenifundisha. Alianza enzi za kanda na deki, na kwa miaka mingi alitafsiri filamu za Kichina na za Kihindi bila kujua neno moja la Kichina wala la Kihindi, na hakuna mtu aliyewahi kutoka analalamika. Mimi nilipokwenda kumwomba anifundishe, nikiwa na daftari na kalamu mbili, aliniangalia kama mtu aliyeleta mwavuli ndani ya nyumba.

"Daftari la nini?"

"La kuandika unachonifundisha, kaka."

"Filamu ina vitu viwili," akasema. "Stelingi na adui. Waonyeshe huyu ni nani na yule ni nani. Wengine wote watajipanga wenyewe. Umeandika?"

"Nimeandika."

"Basi umemaliza daftari."

Kwa wasiojua, stelingi ni yule mhusika ambaye banda zima linamtakia mema na ambaye hafi. Adui ni yule mwingine.

Siwezi kumbeza Gwakisa. Mengine aliyonifundisha yalikuwa dhahabu, na nyinyi hamyajui kwa sababu simu inawasitiri. Kipaza sauti kiweke pembeni ya mdomo, siyo mbele, ukikiweka mbele kila "p" itawapiga watu kofi. Kifunge kitambaa cha pamba. Usinywe soda kabla ya kazi. Usicheke kabla ya watu kucheka, maana ukicheka wewe kwanza hawatacheka tena. Mvua ikianza usishindane na bati, punguza maneno, sema yale ya lazima tu. Na ukipaliwa, sema stelingi ndiye aliyepaliwa.

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na kwa kusimamisha filamu kila sentensi. Nilikuwa naangalia filamu moja mara tatu kabla ya kuitafsiri. Huo siyo ushujaa, ni ugonjwa. Nilikuwa na hofu ya kukosea kiasi kwamba siku moja, katikati ya mapigano, nilisimamisha filamu ili kuwaambia watu kwamba dakika kumi zilizopita nilisema yule mzee ni baba yake, kumbe ni mjomba. Walinirushia maganda ya ndizi. Tangu siku hiyo jina langu Busale nzima likawa Masahihisho. Wapo wanaoniita hivyo mpaka sasa, mbele ya mke wangu.

Sasa jiulizeni mtu wa namna hiyo alifikaje kusema uongo.

Ilikuwa hivi. Gwakisa alipata kutoka kwa shemeji yake wa Mbeya flashi yenye filamu ya mbwa mwitu weupe, wale wanaoishi juu kabisa ya dunia kwenye barafu. Akaamua tuionyeshe Jumapili baada ya ibada. Alisema watu wamechoka kuona binadamu wakipigana. Mimi nikapanga kuiangalia mara tatu kama kawaida. Ijumaa umeme ukakatika. Jumamosi haukurudi. Ulirudi Jumapili saa saba mchana, watu wakiwa tayari wamekaa kwenye mabenchi, wengine na Biblia mapajani.

"Sijaiona hata mara moja," nikamwambia Gwakisa.

"Wao pia," akasema, akawasha.

Mwanzo haukuwa mbaya. Barafu, upepo, mnyama mweupe anatembea peke yake. Tatizo la kwanza likawa baridi. Kyela sisi tunalala na madirisha wazi na bado tunatoka jasho. Nilisema pale ni baridi sana, na nyanya mmoja kwenye benchi la mbele akauliza, "Kama Tukuyu?"

"Zaidi, Bibi."

"Kama Makete?"

"Zaidi ya Makete."

"Basi hapo hawakai watu."

"Hawakai."

"Wana akili," akasema, akajifunga kanga vizuri kana kwamba upepo ule ulikuwa umetoka kwenye televisheni.

Nikawaambia wafikirie ile barafu wanayopakia samaki kule ziwani. Waitandaze kutoka hapa Busale mpaka bandari ya Itungi, halafu walifunike ziwa lote, halafu iendelee na isiyeyuke. Hilo walilielewa. Na niliposema kwamba huko kuna miezi jua halichomozi kabisa, mtu mmoja nyuma akauliza sasa hao wanyama wanajuaje kama wakati wa kula umefika. Banda likacheka, nami nikaona kazi inakwenda.

Kisha wakaja ng'ombe.

Siyo ng'ombe wetu. Wana manyoya yanayoburuza chini na pembe zilizoshuka pande mbili za uso kama nywele zilizochanwa. Lakini ni ng'ombe, na Mnyakyusa ukishamwonyesha ng'ombe umemaliza. Mbwa mwitu saba wakawazunguka. Ng'ombe hawakukimbia. Walijipanga duara, vichwa nje, ndama ndani, wakasimama. Banda zima likasimama nao. Mzee mmoja akawa anawaelekeza kwa Kinyakyusa wasitoke, wakae hivyohivyo, kana kwamba ni wa kwake na ameshika fimbo.

Ningefanya nini? Fahali mkubwa akawa stelingi. Nikamtangaza. Na yule mbwa mwitu mkubwa mweupe aliyekuwa anaongoza wenzake nikamtangaza adui. Niliona kwa kona ya jicho Gwakisa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Baadaye kidogo kikaja kipande ambacho ndicho sababu ya haya yote. Mpiga picha amekaa kwenye barafu, peke yake, ametulia. Yule mbwa mwitu mkubwa anakuja polepole, anamfikia, anainamisha kichwa na kunusa kiatu chake. Mzungu wa kwenye filamu alikuwa anaeleza kitu, lakini mvua ilikuwa imeshafika kwenye bati na sikusikia hata neno moja. Watu wakanigeukia. Mnakijua kile kimya? Kwenye simu hamkijui, mnakikata. Bandani kimya kinakukalia kifuani.

Nikasema, "Anapima nyama."

Nikaona wamevuta pumzi. Nikaongeza. "Mbwa mwitu akishapata harufu ya binadamu hasahau. Anamfuata taratibu, siku kwa siku, mpaka nyumbani kwake. Anaanza na mifugo. Anamaliza na watoto."

Nilitunga yote hayo kwa muda ambao mnyama alitumia kunusa kiatu na kuondoka. Na ndiyo, aliondoka. Watu walimwona akiondoka kwa macho yao. Lakini nilikuwa nimeshasema, na nilichosema kilikuwa kitamu kuliko walichokiona.

Busale nzima ilirudi nyumbani na hadithi hiyo. Baada ya wiki mbili tatu, Bi Zuhura akanikuta kituo cha bodaboda. Bi Zuhura alikuwa afisa mifugo wetu, mtu wa Lindi aliyehamishiwa huku, mwenye pikipiki na sanduku la chanjo. Akanisimamisha bila salamu, na yeye ni mtu wa salamu ndefu.

"Wewe ndiye Masahihisho?"

"Lusajo, dada."

"Mimi nimetoka Ngana kuchanja mbwa. Watu wanawaficha, wanadhani nimekuja kuwaua. Wananiambia mbwa akinusa mlango amepima nyama. Hadithi yako imefika Ngana kabla ya pikipiki yangu, mdogo wangu. Hongera."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

"Na hapa kwenu kuna mbwa anauawa Jumatatu ijayo. Hujui?"

Sikujua. Nikaelezwa palepale, juani. Asajile, jirani yetu mfuga nguruwe, alikuwa amepoteza watoto wawili wa nguruwe waliozaliwa juzi tu. Hakukuwa na damu wala uzio uliovunjwa. Lakini asubuhi alimwona Chokaa akinusa kwenye mlango wa banda lake. Chokaa alikuwa mbwa wa Bibi Subilaga, yuleyule nyanya wa benchi la mbele. Mbwa mkubwa, mweupe mwili mzima. Mnaona tunakoelekea. Asajile alikuwa kwenye filamu, benchi la pili. Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji akasema mnyama ameanza na mifugo, na yeye ana watoto wanne. Mwenyekiti akasema kikao ni Jumatatu, na Bibi Subilaga aje akiwa amemfunga mbwa kamba. Kila mtu alijua mbwa anayepelekwa kikaoni na kamba harudi nayo.

Nilikwenda kwa Bibi Subilaga siku hiyohiyo. Alikuwa anageuza kakao kwenye mkeka, Chokaa amelala kivulini, ulimi nje. Bibi alikuwa anaishi peke yake tangu mwanawe ahamie Tunduma, na kakao yake ilikuwa haijawahi kuibwa hata punje, na sababu ilikuwa imelala pale kivulini.

"Mugonile, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba." Hakuniambia kaa.

"Nimesikia habari ya Chokaa."

"Wewe umesikia? Mimi nilidhani wewe ndiye unayesema, sisi ndio tunaosikia."

Nikaanza kumweleza kuhusu umeme, mvua, bati. Akaniacha nimalize yote. Kisha akasema, "Huyu nilimpata akiwa mdogo kama kiatu. Miaka saba. Amewahi kukupima wewe nyama?"

"Hapana, Bibi."

"Ulipoingia hapa alikunusa?"

Alikuwa amenusa. Mikono yote miwili.

"Sasa nenda ukawaambie uko katika safari ya kuliwa." Akarudi kwenye kakao yake.

Nilijua la kufanya. Ilikuwa lazima filamu ionyeshwe tena, Jumapili, kabla ya kikao, na nitafsiri upya mbele ya watu walewale. Gwakisa akakataa kabisa.

"Mtafsiri hasemi nilikosea. Ukisema ulikosea kwenye hii, ile ya kesho nani ataiamini? Na ya jana? Nimetafsiri Wachina tangu hujazaliwa, unataka watu waanze kuniuliza?"

"Mbwa atauawa, kaka."

"Mbwa mmoja."

"Kwa maneno yangu."

"Kwa nguruwe wa Asajile." Lakini aliangalia pembeni. Aliyemlainisha siyo mimi, ni Bi Zuhura, aliyekuja kumwomba nafasi ya kutangaza chanjo bandani Jumapili. Afisa wa serikali bandani kwake, mbele ya watu. Gwakisa akanyoosha shati. "Basi sawa. Lakini Masahihisho, usisimamishe filamu."

Nilikuwa na siku nne na umeme haukukatika hata mara moja, kana kwamba unanicheka. Niliiangalia filamu ile mpaka mama yangu akaniuliza kama ninaumwa. Na hapo ndipo hasira ilinipanda vizuri, hasira na mimi mwenyewe, kwa sababu kila kitu kilikuwemo. Kila nilichohitaji kilikuwemo, na kilikuwa kizuri kuliko takataka niliyotunga.

Nilikuwa sijui, kwa mfano, kwamba masikio yao ni mafupi ili joto lisipotelee huko, na kwamba wana manyoya mpaka chini ya nyayo, katikati ya vidole. Kwamba hawachimbi pango kama wenzao wa nchi nyingine, kwa sababu ardhi imeganda, hata jembe halingeingia, kwa hiyo mama anazalia kwenye mwanya wa mwamba, mwanya ambao hata bibi yake alizalia humo. Kwamba lile kundi la saba siyo genge. Ni baba, mama, na watoto wao wakubwa. Huyo niliyemwita adui alikuwa baba wa watu.

Na kwamba wanakosa. Hili lilinishinda kabisa. Nilidhani mnyama wa namna ile akitaka nyama anakula. Kumbe wanatembea siku nyingi bila kitu, wanawakuta ng'ombe, ng'ombe wanajipanga, wanazunguka, wanachoka, wanaondoka. Wanakwenda tena. Wanamkosa sungura. Wanakwenda tena. Ng'ombe mwenye afya anaweza kumvunja mbwa mwitu mbavu kwa pembe moja, na mbwa mwitu mwenye mbavu iliyovunjika huko hana hospitali. Kwa hiyo kuacha ni sehemu ya kazi yao. Ukiona wanaondoka bila kula, hawajashindwa, wamehesabu. Wakipata, wanameza haraka, wanarudi mbio safari nzima, na kule mwambani wanawatapikia watoto nyama ile ikiwa bado na moto. Dada au kaka mkubwa mmoja amebaki siku zote hizo akilinda wadogo zake bila kula.

Nilikuwa nimeipotosha hiyo. Siku ile, sehemu ya kutapika, nilisema mbwa mwitu ni mgonjwa.

Na kiatu? Yule Mzungu alikuwa anasema kwamba mbwa mwitu hawa karibu hawajawahi kuona binadamu, kwa hiyo hawamwogopi wala hawamchukii. Alikuja kuangalia ni kitu gani. Basi. Sentensi mbili. Mimi niliweka jeneza juu yake.

Jumapili banda lilijaa kupita mara ya kwanza. Gwakisa alikuwa amewaambia watu ni filamu ileile lakini "imeongezwa". Bi Zuhura akatangaza chanjo yake, wakamsikiliza kwa heshima na bila kuamini. Asajile alikaa benchi lilelile la pili. Bibi Subilaga alikuja akakaa mbele, mikono mapajani. Nikashika kipaza sauti na mchakacho wa karatasi zangu zote kumi na nne ukasikika kwenye spika. Nikaziweka chini.

Nikasema, "Mara ya kwanza nilikosea vitu vingi. Leo hakuna stelingi."

"Sasa tunamwangalia nani?" mtu akauliza.

"Waangalieni wote."

Minong'ono. Mmoja akatoka. Filamu ikaanza.

Sitawadanganya kwamba ilikuwa kazi yangu bora. Ilikuwa kavu. Nilisema masikio mafupi, nikasema nyayo, nikasema ardhi iliyoganda, na nyuma mtu akapiga miayo yenye sauti. Ng'ombe walipojipanga duara wakasimama nao tena, na mzee yuleyule akawaelekeza tena, na sikumzuia, kwa sababu ng'ombe kweli walikuwa wanafanya vizuri. Mbwa mwitu wakazunguka, wakaacha. Watu wakapiga makofi. Nikasema, "Wanaondoka. Hawajala tangu wiki iliyopita. Watoto wako mwambani wanasubiri."

Wakaonyeshwa watoto. Wadogo, wa kijivu, mmoja anamuuma mwenzake sikio.

Mbwa mwitu wakamkosa sungura. Nikasema wamekosa. Wakatembea. Nikasema wanatembea. Wakamkosa mwingine.

Na kutoka benchi la pili, Asajile akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na uzembe, "Sasa hao watoto wanakula lini?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja akasema, "Ndiyo, wanakula lini?" Yule mzee wa ng'ombe akaacha kuelekeza. Walipompata ndama aliyebaki nyuma, banda halikushangilia wala kulia, na mzee akasema polepole, "Mm. Ndama mdogo fijo, mdogo sana." Kisha wakaonyeshwa wakubwa wakirudi mbio na watoto wakiwarukia mdomoni, na nikasema wanawatapikia, ndivyo wanavyowabebea, hawana kikapu. Bibi Subilaga akasema, "Ndaga," asante ya kwetu, taratibu, kama mtu anayepokea sahani.

Kiatu kikafika. Mvua haikuwepo, kila mtu alisikia pumzi ya yule mnyama kwenye spika. Akanusa.

Nikasema, "Ananusa kiatu. Hajawahi kukiona." Akageuka. "Anaondoka."

"Mara ya kwanza ulisema anapima nyama," Asajile akasema. Hakuwa anapiga kelele.

"Nilisema."

"Na kwamba anamfuata mpaka kwake."

"Nilisema uongo, kaka. Sikusikia maneno, nikatunga."

Nilisubiri maganda ya ndizi. Hayakuja, na ingekuwa afadhali yangekuja. Walinitazama tu, na Gwakisa akatoka nje kwenda kuangalia jenereta iliyokufa miaka mingi iliyopita.

Msidhani hapo mambo yalikwisha. Watu hawageuki kwa filamu moja. Jumapili jioni nilisikia dukani mtu akisema labda leo ndiyo nimedanganya na siku ile nilisema kweli, kwa sababu Bibi Subilaga ni rafiki wa mama yangu. Nilitaka kumsimamisha nimsahihishe sentensi kwa sentensi.

Lakini Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, Asajile mwenyewe alimpigia simu Bi Zuhura aje aangalie banda la nguruwe. Sikuambiwa kwa nini. Mimi nilifuata kwa sababu nisingeweza kukaa. Bi Zuhura aliingia na buti zake, akainama, akauliza huyu mama amezaa mara ngapi. Mara ya kwanza, Asajile akasema. Maji yako wapi? Yalikuwepo, Asajile akasema, akiangalia ndoo tupu. Bi Zuhura akafunua majani makavu pale nguruwe alipokuwa amelala, akatoa kitu akakiweka kwenye kiganja. Mguu mdogo sana, na kwato zake.

"Banda dogo, joto, maji hakuna, na hajui kulea," akasema. "Anawalalia, kisha anawala. Nimeshaona sana."

Asajile akamnyooshea nguruwe wake kidole. "Kwa hiyo adui ni huyu?"

"Hakuna adui, baba. Panua banda. Mpe maji."

Kikao hakikufanyika. Asajile hakumwomba Bibi Subilaga msamaha, alituma tu mtu kusema yeye hana tena neno, na wiki hiyo akaonekana akikata miti ya kupanulia banda. Bi Zuhura alichanja mbwa wengi wa Busale siku hiyo, siyo wote. Chokaa alikuwa wa kwanza.

Mimi nilikwenda tena kwa Bibi, nikitegemea angalau kikombe cha chai. Akanisikiliza nikiwa nimesimama. Kisha akasema, "Wewe ndiye uliyemwita adui, na wewe ndiye uliyemwita mtu mwema. Mdomo ni uleule. Kesho utamwita nani?"

Nilimwambia sijui. Akasema hilo angalau ni jibu, lakini chai hakunipa, na hakunipa mpaka nilipooa.

Kwa hiyo wewe uliyenitumia jana kile kipande cha fisi na mtoto wake, ukaniuliza uweke nini: sikiliza sauti ya chini, ile ya filamu yenyewe, mara tatu. Usiposikia, mwulize mtu wa mifugo, wapo, wana simu. Na kama hujapata jibu, usiweke.

Nilitafsiri miaka mingine mitano mpaka banda likafungwa. Sikumpa tena mnyama yeyote cheo, na mahali nisiposikia nilishusha kipaza sauti magotini, filamu ikaenda yenyewe, na watu wakasikia upepo wa huko.